Mrejesho: mvinyo wa 14,000 dhidi ya wa 85,000

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mvinyo wa bei kubwa una tofauti kweli au tunalipia lebo tu. Mkanishauri nionje bila kuona chupa. Jumamosi nimefanya hivyo.

Nilinunua chupa tatu, zote nyekundu na kavu (yaani si tamu): ya Dodoma kwa shilingi 14,000, Pinotage (aina ya zabibu) ya Afrika Kusini kwa 32,000, na ya Bordeaux, Ufaransa, kwa 85,000 (iliniuma). Shemeji akazifunga magazeti, akaandika A, B, C.

A ilinukia zabibu mbivu, ikakwaruza koo kidogo. B ilikuwa na kamoshi fulani, kama nyama iliyokaa karibu na mkaa. C ilinikausha ulimi utadhani nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikaipa nafasi ya mwisho bila kusita. Magazeti yakafunuliwa: A ya Dodoma, B Pinotage, na C ndiyo ya 85,000! Mke wangu anacheka mpaka leo.

Ila kuna aliyesema niweke mvinyo mwekundu friji dakika ishirini kwanza, nami nikampuuza. Kwa joto hili la Dar zote zilinukia spiriti. Raundi ya pili niliziweka, tukanywa na mbuzi choma. Hapo C ikalainika, mafuta ya mbuzi yakaumeza ule ukakasi, nikaelewa. A ilikuwa imeshapoa ladha.

Hata hivyo hela yangu itaenda kwa B. Chupa ya C imeshatiwa mafuta ya alizeti, iko jikoni.