Maji yako kiunoni, yeye anadai namba ya kumbukumbu!!

Wakuu, nina hasira hadi simu inanitetemeka mkononi. Yule bwana wa ghala la maafa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo tumemfuata, maji kiunoni, tunaomba maturubai tu. Kaangalia karatasi, katuangalia sisi, kasema: "Maafa yenu hayana namba ya kumbukumbu."

HAYANA NAMBA YA KUMBUKUMBU! Kwa hiyo mto ulitakiwa uandike barua kwanza, usubiri majibu, ndipo uvunje kingo?

Nyuma yake maturubai yamepangwa hadi darini, nayaona! Ufunguo anao mwenzake, na mwenzake yuko semina ya kujiandaa na maafa. Boti ipo, injini iko stoo nyingine, mafuta yanasubiri saini ya mtu wa tatu. Si wasaini kabla ya masika, utabiri wanatangaza wao wenyewe? Hayo yote ningemsamehe. Lakini namba ya kumbukumbu, jamani! Samaki walikuwa wanatupita magotini wanacheka.

kikaango: Ulienda ofisi ya serikali bila kalamu, ukategemea nini?

mzee_wa_hoja: Afadhali yenu yamefungiwa. Puerto Rico, kimbunga Maria 2017: mwaka mmoja baadaye maji ya chupa yakakutwa yamerundikwa kwenye njia ya ndege huko Ceiba, yanaiva juani.

tandiboi: Na kimbunga Katrina 2005 je? Malori ya barafu yalizungushwa Marekani, mengine yakaishia Maine, kaskazini kabisa. Barafu imepelekwa kwenye baridi 😂

mama_wawili: Hiyo barafu angalau ilitembea. Sisi tuliletewa mahema bila nguzo, eti nguzo ni awamu ya pili. Tulijifunika hema kama shuka.

leja_nyekundu: Mahema unalalamika? Sisi vidonge vya kusafishia maji vilikuja vimeshaisha muda. Kila shehena mpya wanaipanga mbele, ya zamani inazeekea nyuma.

kikaango: Mleta uzi, mto wako umepata namba?

mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada! Huyu mtu kaniangalia USONI kasema hayana namba ya

tandiboi: Subiri kwanza mkuu. Mama wawili, nguzo zilifika?

mama_wawili: Zilifika. Za mahema ya saizi nyingine.