Naombeni ushauri: fataki zangu zinachelewa muziki, na kazi inayokuja ni kubwa mara tatu

Utambi_Mfupi:
Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nilipiga onyesho langu la kwanza la fataki zinazofuata muziki, dakika 7, kyu (amri za kufyatua) 310. Watu walishangilia lakini mimi nilitamani ardhi inimeze, maana kiitikio kinaingia mbingu giza totoro, wimbo ukitulia ndio zinapasuka. Na hazikuchelewa kwa kiasi kimoja, ndogo zinatangulia, kubwa zinakuja nyuma zikihema. Sasa nimepewa kazi ya dakika 20, kyu kama 1,100, sheli (fataki za kurushwa na bomba zikapasukie juu) za inchi 3 mpaka 8, uwanja wa wazi. Nafikiria kununua moduli za kufyatulia zisizo na waya, labda hizi zangu ndio nzito. Nipo sahihi? Matusi pia napokea.

FundiNyaya:
Usitupe hela mkuu, moduli hazina kosa. Moduli ikipewa amri inawasha kiberiti cha umeme hapo hapo, kosa ni wewe kwenye programu umeweka kyu juu ya pigo la ngoma ukadhani fataki itapasuka pale, kumbe pale ndio kwanza inatoka kwenye bomba. Sheli ya inchi 3 inachukua kama sekunde 3 toka ifyatuliwe mpaka ipasuke, ya inchi 6 inakaribia 5, ya inchi 8 inaweza kupita hapo, ndio maana kwako kubwa zilikuwa nyuma. Kwenye orodha ya fataki kuna sehemu ya kujaza muda wa kupanda, jaza kwa kila aina, programu itarudisha kyu nyuma yenyewe. Vimondo (zile zinazopanda na mkia wa moto) na zile zinazolipukia mdomoni mwa bomba hazina huo muda, zinaonekana papo hapo, hizo ndio za kupigia mapigo makali.

Kipupwe:
Naongezea, pima muda mwenyewe usiamini karatasi ya kwenye boksi. Piga mbili tatu za kila aina, rekodi video, hesabu fremu. Halafu kitu kimoja kinachanganya wageni wengi: mlio. Watazamaji wakiwa mita 340 mlio unawafikia sekunde nzima baada ya mwanga, wakati spika ziko karibu nao. Fuata mwanga, mlio uache ujifikie wenyewe.

Utambi_Mfupi:
Aisee FundiNyaya umenimaliza, nimefungua faili sasa hivi muda wa kupanda ni sifuri kwenye kila mstari 😭 Kumbe zote 310. Asanteni sana, naona tatizo limeisha.

MzeeWaMabomba:
Halijaisha kijana. Muziki ukikosea watu watakucheka, basi. Hebu leta picha ya raki zako, hizo fremu zinazoshika mabomba.

Utambi_Mfupi:
Shikamoo mzee. Nimeweka picha. Ni raki za mbao, mabomba matano matano, misumari miwili kila upande, zimesimama zenyewe vizuri tu hata ukizigusa hazitikisiki.

MzeeWaMabomba:
Marahaba. Zimesimama zenyewe ndio ninachokiogopa. Sheli ikipasukia ndani ya bomba hiyo raki inafunguka kama boksi la viatu, na yale mabomba mengine manne yaliyounganishwa kwa utambi mmoja yanaendelea kufyatua yakiwa yamelala. Simi Valley kule California, tarehe 4 Julai 2013, sheli ililipuka mapema, raki zikaanguka, fataki zikaenda kwenye watu, makumi wakaumia. Kwa hiyo toa misumari weka skrubu, funga mbao za mshazari miguuni, raki moja ishikane na nyingine. Na zigeuze, kichwa cha raki (ule upande mfupi) kielekee watazamaji, maana raki huanguka kwa ubavu. Inchi 8 sitaki kuziona kwenye raki ya mbao kabisa, zizike kwenye masanduku ya mchanga. Naona bomba moja jeupe pale kushoto, ile kama ni PVC ya maji itoe leo, ikipasuka inageuka visu.

Umbali je? Kanuni ya Marekani ya usalama wa maonyesho ya fataki, NFPA 1123, ni futi 70 kwa kila inchi ya sheli, yaani mita 21 hivi. Inchi 8 ni mita 170 toka kwa watu. Uwanja wako unatosha?

Utambi_Mfupi:
Mita 140 😬

MzeeWaMabomba:
Basi mwisho wako inchi 6. Usianze kubishana na tepu.

FundiNyaya:
😂😂 Kuhusu waya au bila waya: za bila waya zinakupunguzia kuvuta nyaya usiku kucha, ila chukua zile zinazobeba faili lote ndani, ukizipa amri ya kuanza zinakwenda kwa saa yao hata mawimbi yakikatika. Ila jua kwamba amri ya kusimamisha nayo inapita hewani, kwa hiyo jaribu mawimbi watu wakishajaa na simu zao, sio mchana uwanja mtupu. Na viberiti ukivifunga zaidi ya kimoja kwenye kyu moja, funga mfululizo, umeme upite kimoja kwenda kingine. Ukivifunga sambamba, kila kimoja na njia yake, kimoja kikikatika kipimo bado kinakuambia safi. Na upime kwa mtambo wa kufyatulia wenyewe, watu wote wakiwa mbali, usichomeke mita ya kawaida kwenye sheli iliyokwisha pakiwa.

Kipupwe:
Faili la akiba nalo liangalie. San Diego, kule kule California, 2012 onyesho la kama dakika 18 liliwaka lote ndani ya sekunde 15 hivi, ikaelezwa kwamba faili kuu na la akiba viliungana vikazaa amri moja ya kuwasha vyote. Mimi siku hizi napiga faili zima kwenye moduli tupu zenye taa ndogo, dakika zote 20, naangalia taa moja moja.

Utambi_Mfupi:
Mrejesho wakuu. Nimepima, inchi 3 zangu zimetoa sekunde 2.7, inchi 6 ni 4.6, nimeingiza kwenye faili na kwenye kioo kiitikio kinakaa pale pale. Inchi 8 nimezitoa, mwenye shughuli kanuna lakini kakubali. Zile moduli mpya nimeahirisha.

MzeeWaMabomba:
Picha ya raki mpya bado sijaiona.