Naombeni ushauri: wadudu wa Chagas, nitambue spishi kwa macho au DNA?

Habari zenu wakuu, nipo Texas nasoma masters, utafiti wangu ni wale wadudu wanaonyonya damu usiku na kueneza Chagas, ugonjwa wa vimelea unaoharibu moyo. Wadudu wenyewe ni weusi, wakubwa kuliko kunguni, na vimelea vinatoka kwenye kinyesi chao sio kwenye mate. Duniani zipo spishi zaidi ya 150, nyingi Amerika, na hapa Texas wanaopatikana sana ni Triatoma gerstaeckeri na Triatoma sanguisuga. Waliokomaa nawatofautisha bila shida, gerstaeckeri ana mstari mwembamba wa njano pembeni mwa tumbo, kazi ipo kwa watoto wasio na mabawa, wanafanana mno yani. Halafu natega kwa taa, na taa inavuta wanaoruka tu, sasa wale waliojificha kwenye viota vya panya pori si watanipita na data ionyeshe spishi chache kuliko zilizopo? Supervaiza anataka DNA kwa wote ila hela haitoshi. Mliowahi kufanya kazi ya mbu au mbung'o huko nyumbani, mlichaguaje sampuli za kupeleka maabara? Na kwenye mabanda ya mbwa nitege vipi? Huko ndo naumia zaidi, mbwa wanakufa kwa moyo sababu ya huu ugonjwa.