Simuleta ya urubani humfanyaje rubani ahisi kwamba ndege inakimbia?

Msomaji wa Tanga (swali):

Salaam wanajukwaa. Nimetazama video za simuleta wanazofundishiwa marubani wa ndege za abiria: kibanda kikubwa kilichosimama ukumbini juu ya miguu sita ya haidroliki au ya umeme, kikiinama na kuinuka bila haraka. Marubani husema kwamba humo ndani kiti huwasukuma mgongoni kwa muda wote ndege inapokimbia ili iruke, na hapo ndipo ninapokwama. Ndege inayoongeza mwendo kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde huwa imekwenda mita 900 ndani ya nusu dakika, ilhali miguu ile haiwezi kukipeleka kibanda mbele hata mita mbili. Msukumo huo unatoka wapi?

Fundi wa Avioniki:

Ndugu, hesabu yako ni sahihi. Msukumo ule ni uzito wa rubani mwenyewe.

Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyolala juu ya vinyweleo vya hisia. Mwili ukisukumwa mbele, vijiwe hubaki nyuma kidogo, vinyweleo hupinda, na ubongo hupata habari kwamba mwendo umeongezeka. Lakini kichwa kikilazwa nyuma, vijiwe huvutwa na uzito wao na kuvipinda vinyweleo vilevile kuelekea upande uleule. Kiungo hiki peke yake hakina namna ya kuzitofautisha hali hizo mbili, na huo ndio mwanya wanaoutumia wahandisi.

Rubani anapoongeza nguvu za injini, miguu hukisukuma kibanda mbele kwa muda mfupi mno, na msukumo huo wa kwanza ni wa kweli kabisa. Kabla miguu haijafika mwisho wa urefu wake, kompyuta huanza kuiinua pua ya kibanda, hivyo sehemu ya uzito wa rubani ikaegemea mgongoni. Ili kuuiga mchapuko wa mita 2 ulioutaja, kibanda hulazimika kuinama takriban nyuzi 12. Skrini zimefungwa kwenye kibanda chenyewe na huinama pamoja nacho, kwa hiyo barabara ya kurukia anayoiona mbele yake hubaki tambarare, na ubongo hauna sababu ya kushuku kwamba umelazwa chali. Akikanyaga breki baada ya kutua, mambo hugeuzwa: kibanda huinamia mbele, naye hujikuta ananing'inia kwenye mikanda ya mabegani.

Sharti ni kwamba mwinamo uende polepole. Sikio lina pia mifereji mitatu ya nusu duara, yenye majimaji, ambayo hutambua mzunguko wa kichwa, lakini haiwezi kutambua mzunguko wa taratibu sana. Wabunifu wengi hujizuia kupita nyuzi 3 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, nyuzi 12 huchukua sekunde 4, na katika sekunde hizo msukumo wa kwanza haupaswi kukatika kabla ule wa uzito haujashika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na simuleta iliyorekebishwa vibaya utaitambua hapo hapo. Baada ya kila tendo miguu hurudi katikati kwa siri ileile, ili ipate nafasi ya kufanya tendo linalofuata.

Mwalimu wa Fizikia:

Maelezo ya Fundi yamekaa sawa, ila mimi ningeanza na jicho. Ukiwa umekaa ndani ya basi stendi, basi la jirani likaanza kurudi nyuma, kwa nukta chache huapa kwamba ni lako linalokwenda mbele, ingawa sikio halijaambiwa lolote. Katika simuleta picha huja kwa marubani kupitia kioo kikubwa kilichopinda, kinachoifanya mishale ya mwanga iwafikie ikiwa karibu sambamba. Kwa hiyo macho huitazama milima kana kwamba iko mbali kweli, na marubani wawili waliokaa upande kwa upande huiona barabara ileile mahali palepale. Picha ikichelewa kidogo tu nyuma ya miguu, kichefuchefu hakikawii.

Hata hivyo, mashine iliyoanzisha safari hii haikuwa na picha yoyote. Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake huko Binghamton, New York, aliikamilisha mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto ya vinanda kukiinamisha kibanda. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani lilinunua mashine zake 6 ili kuwafundisha kuruka kwa kutegemea vyombo.

Msomaji wa Tanga:

Ahsanteni sana. Ikiwa sikio hudanganyika kirahisi hivyo ukumbini, je, angani halidanganyiki?

Fundi wa Avioniki:

Hudanganyika, tena bila kompyuta yoyote. Tarehe 23 Agosti 2000, Airbus A320 ya Gulf Air ilighairi kutua Bahrain usiku na kuongeza mwendo juu ya bahari yenye giza. Wachunguzi walieleza kwamba huenda rubani alihisi pua inainuka kupita kiasi, akaisukuma chini. Walikufa watu 143. Boeing 737 ya Kenya Airways iliyotoka Douala kuelekea Nairobi tarehe 5 Mei 2007 ililala upande taratibu katika usiku usio na mwanga, bila marubani kuvitazama vyombo vyao ipasavyo, na watu wote 114 waliokuwemo wakapoteza maisha. Mwinamo wa polepole, unaotumiwa katika simuleta kwa makusudi, ndio huohuo uliowapita bila kuhisiwa.

Rubani Mstaafu:

Naongeza mpaka wa ujanja huu. Kuinamisha kibanda hugawanya tu uzito alio nao mtu, wala hakuwezi kumwongezea. Ndege halisi ikigeuka ikiwa imelala nyuzi 45, bila kupoteza kimo, mwili hulemewa kwa mara 1.4 ya uzito wake. Simuleta haina pa kuutoa uzito huo, na ndiyo maana simuleta nyingi za ndege za kivita hazisogei kabisa, bali zina viti vyenye mifuko ya hewa inayojaa na kubana. Katika zoezi hilo la kugeuka, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wasikate macho kwenye kipima kimo, kwa kuwa kiti hakitawaambia kitu.