Siku tatu Mjini Unguja na mama mzee na watoto, kutoka Wete, Pemba: tuvuke msimu gani?

LimbaniWete

Assalaam alaykum jamani. Tunataka kuvuka kwenda Mjini, tulale siku tatu. Tuko sita: mimi, mke wangu, mama yangu (miaka 68, magoti yanamsumbua) na watoto wa miaka 13, 9 na 6. Safari hii si ya harusi wala ya hospitali, ni kutembea tu, watoto wauone Mji Mkongwe wanaosomeshwa skuli. Malazi yapo, kwa jamaa Kikwajuni.

Nafasi zetu ni siku chache za Aprili, likizo ya Juni, au Disemba. Upi bora? Watoto wanataka kisiwa cha Changuu kwenye makobe, fungu la mchanga la Nakupenda, makachu ya Forodhani (vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani) na kima punju wa msitu wa Jozani. Mama anataka kuona mji bila ya kupandishwa ngazi. Mtu mmoja ameniambia "msimu wowote ni sawa, Mjini ni Mjini". Ni kweli?

Bandari_Malindi

Waalaykum salaam. Kwa anayeishi Shangani msimu wowote ni sawa. Kwa anayetoka Wete na mtu mzima wa miaka 68, si sawa hata kidogo, na sababu ni bahari kabla ya mji.

Aprili iacheni. Ndio kiini cha masika, mwezi wa mvua kuliko yote. Vichochoro vinajaa maji, sakafu za mawe zinateleza, na mvua ikishika asubuhi madau ya Changuu hayatoki. Kitu pekee ambacho Aprili inacho ni wageni wachache.

Juni mjini ni pazuri. Kipupwe kimeingia, mvua zimekwisha, mchana joto halizidi sana nyuzi 28 au 29, na usiku mama atataka shuka. Lakini kusi limeshika. Mkitoka bandari ya Mkoani mnaelekea kusini, upepo unawakabili. Baina ya Pemba na Ras Nungwi hakuna kisiwa cha kuwakinga, upande wa mashariki ni bahari kuu tupu, kwa hiyo mawimbi marefu ya kusi yanaingia moja kwa moja kwenye ule mwanya. Mkishaipita Nungwi mnakuwa upande wa magharibi wa Unguja, kisiwa kinawakinga, na bahari inatulia mpaka Malindi, bandari ya Mjini. Kichapo ni cha kati tu, ila kwa mtu asiyezoea hicho cha kati kinatosha.

Disemba kinyume chake. Vuli inaisha, kaskazi inaanza, bahari kwa kawaida ni laini zaidi, ila jua ni kali na mchana joto linafika nyuzi 32 na kitu. Kuanzia kama tarehe 20 wageni wanajaa kwa ajili ya sikukuu zao na bei za madau zinapanda. Kwa hiyo jibu langu ni Disemba, baada ya wiki ya kwanza na kabla ya tarehe 20.

Mkilazimika Juni, kateni tiketi mapema na mkae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti inapiga kidogo. Kule mbele kwenye vioo watoto hukimbilia huko, na ndiko wanakotapika. Dawa ya kulewa bahari inamezwa kabla ya kupanda, kama nusu saa hadi saa moja; ukishaanza kutapika haikai tumboni. Muulizeni mwuza dawa kipimo cha mtoto wa miaka 6, na kama mama anatumia dawa za presha mwambieni kabla hajakupeni chochote. Asubuhi kuleni mkate mkavu na chai ya tangawizi. Supu ya pweza ingojeeni Unguja.

Bi_Kiponda

Kaka Bandari kasema kweli ya baharini, ila kwa magoti ya mama mimi ningechagua Juni na nikampandisha ndege yeye na mjukuu mmoja kutoka Uwanja wa Karume, Chake. Ni kama nusu saa tu, na wengine mkaja kwa boti. Mtu mzima huchoshwa na joto la Disemba kuliko kitu chochote, na Mji Mkongwe ni wa kutembea kwa miguu. Gari haliingii ndani.

Mwenye magoti apangiwe mji kwa mahali gari linapoweza kumshusha. Gari linafika Darajani, linafika Mkunazini kwa barabarani, linafika Forodhani na Shangani kwa Barabara ya Kenyatta, na Malindi. Baina ya sehemu hizo ni vichochoro. Kutoka Darajani hadi Forodhani ni kama kilomita moja, kijana anakwenda robo saa. Mama mpeni saa nzima. Kila nyumba ya zamani ina baraza ya mawe mbele, na kukaa kwenye baraza ya mtu kupumzika si kosa, salimieni tu.

Anzeni saa 2 asubuhi sokoni Darajani, samaki wakiwa wangali wapya na jua halijapanda. Soko lile ni la mwaka 1904. Kisha Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash. Sanamu za watumwa zilizofungwa minyororo ziko nje, ndani ya shimo, na mama ataziona amesimama juu. Vyumba vya chini ya ardhi ni habari nyingine: ngazi zinashuka, dari ni fupi, hewa ni nzito. Mama abaki nje kwenye kivuli. Mtoto wa miaka 6 amueni wenyewe. Wa miaka 13 ashuke, ndiyo historia anayosomeshwa.

Hapo mna njia mbili. Yenye kivuli ni kukata ndani kwa Hamamni, hamamu ya Sayyid Barghash, mkatokea Soko Muhogo na Kenyatta. Yenye gari ni kumpakia mama Mkunazini na kumshusha Forodhani, mkutane Ngome Kongwe. Ngome ilijengwa na Waomani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, uwanja wake ni tambarare, kuna pa kukaa na pa kunywa kitu.

Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) msiwaahidi watoto kuingia. Ni la mwaka 1883, na sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, likafungwa kwa matengenezo. Lihesabuni kuwa la kutazamwa kwa nje, na kwa nje likatazamwe alasiri, jua linapolipiga uso. Jumba la makumbusho la kasri pembeni yake lina ngazi. Badala yake mpelekeni mama jumba la makumbusho la Beit al-Amani kule Mnazi Mmoja, lile la kuba jeupe la mwaka 1925. Halina kupanda kwingi na ni karibu na Kikwajuni.

Saa 6 mpaka saa 9 mrudi nyumbani mkalale. Familia nyingi zinaharibu siku hapo: zinalazimisha mchana, mtoto mdogo anaanza kulia saa 8, na jioni ya Forodhani, ambayo ndiyo tamu, hakuna mwenye nguvu.

Vuga_Juu

Mafupi matatu.

Papasi (wale wanaowaandama wageni kuwauzia ziara) wakikukuteni Forodhani na kukuiteni kwa Kiingereza, jibuni kwa Kipemba; wataondoka wenyewe.

Ziara ya viungo msiilipie. Mpemba kulipa pesa akaonyeshwe mkarafuu Kizimbani ni kichekesho. Mkitaka upande ule, pandeni daladala ya 502 ya Bububu mkaone magofu ya Maruhubi njiani, kisha mkodi gari kutoka Bububu hadi hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Nakshi za ndani zinatosha safari.

Chukueni vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Si kwa tiketi ya boti tu. Mahali pengi pa kutembelea pana bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na mwenye kitambulisho hana haja ya kubishana mlangoni.

LimbaniWete

Ahsanteni sana. Mke wangu amemuunga mkono Bi Kiponda, mama mwenyewe kasema ndege hapandi, basi tumeangukia Disemba. Sasa niulize la Changuu na Nakupenda. Nasikia fungu lenyewe hutoweka. Twende saa ngapi? Na makachu huwa kila siku?

Bandari_Malindi

Hapo tarehe ya Kizungu iwekeni kando, shikeni mwezi wa angani, tarehe za Kiislamu. Nyinyi watu wa Wete hesabu hii mnaijua, mnahitaji tu kuihamishia Mjini.

Mwezi 15 na mwezi mosi, maji ya Unguja Mjini hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Siku hizo ni bamvu, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 hadi 4. Ikifika mwezi 22 au mwezi 7 ni maji mafu, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi yamejaa, jioni yamekupwa, na tofauti ni ndogo.

Nakupenda ni fungu la mchanga tu, hakuna mti wala jiwe. Linataka maji makavu ya asubuhi, maana yake bamvu. Mkienda asubuhi ya maji mafu mtakuta mchanga kidogo, au mtasimama na maji ya vifundo. Makachu nayo yanataka maji yaliyojaa jioni, kwa sababu vijana wanaruka kutoka ukutani na chini pakiwa pakavu haruki mtu mwenye akili. Vitu hivi viwili vinakutana siku chache tu: mwezi 15, 16 na 17, na mwezi mosi, 2 na 3. Mwezi 17 maji yanapwa baina ya saa 5 na saa 6 mchana na kujaa karibu na saa 12 jioni, jua likizama. Mkiweza, siku yenu ya pili Mjini iangukie mwezi 16.

Siku hiyo muwe ufukweni saa 2 na nusu. Anzeni Changuu, ni mwendo wa kama nusu saa kwa dau la mashine, makobe wakiwa bado wanatembea na kula. Jua likichacha wanajificha kivulini hawatikisiki. Asili yao ni Shelisheli, waliletwa zawadi mwaka 1919. Waambieni watoto wasiwapande mgongoni, na vidole wavitoe karibu na mdomo. Kobe haumi kwa hasira, anafikiri ni jani. Jela mtakayoiona ilijengwa miaka ya 1890 ila ikaishia kuwa karantini ya wagonjwa. Saa 4 na nusu ondokeni kwenda Nakupenda, saa moja inatosha. Pale hakuna kivuli. Chukueni mwavuli, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na nguo za mikono mirefu kwa watoto.

Mapatano na mwenye dau yafanyike nchi kavu, na yataje mambo manne: bei ni ya dau zima au ya kichwa, ni kwenda na kurudi, atasubiri saa ngapi kila mahali, na ada ya kisiwani imo au haimo. Ugomvi mwingi wa Forodhani unatokana na hilo la mwisho. Maboya ya kuvaa yaonekane kabla ya kulipa, liwemo la kumtosha wa miaka 6. La mtu mzima mtoto linamtoka kwa juu akiingia majini. Lipeni nusu kwanza, nusu mkirudi.

Mama asiende. Kupanda dau ni kuvua viatu, kuingia maji ya magoti na kujinyanyua juu ya ubavu, na maji yakipwa mnatembea mbali zaidi kulifuata.

Bi_Kiponda

Asubuhi hiyo mama na mkwewe wakae Beit al-Amani, au wapelekwe Jaws Corner wakanywe kahawa na kashata. Jioni wote mkutane Forodhani saa 11, mkae upande wa ukuta kabla watu hawajajaa.

Chakula cha Forodhani: bei iulizwe kabla ya kijiti kuwekwa motoni. Samaki na kamba waliopangwa mezani wamekaa hapo tangu jua halijazama, kwa hiyo chagueni kinachopikwa mbele yenu kikatoka moto. Watoto wapeni pizza ya Unguja na juisi ya miwa, iliyokamuliwa mkiiona. Urojo ni nafuu zaidi ukitoka ndani ya bustani, kwa mama lishe wa mitaani.

Kima punju wawekeni siku ya tatu. Jozani ni kama kilomita 35, daladala za 309 za Jambiani na 310 za Makunduchi zinapita mlangoni. Vituo vya kuanzia vimekuwa vikihamishwa, waulizeni jamaa wa Kikwajuni usiku wa kabla. Fikeni kabla ya saa 4, maana mchana kima wanapumzika juu kabisa na watoto wataona mikia tu. Wale walio karibu na barabara wamezoea watu, na mama atawaona bila ya kuingia msituni. Njia ya mbao ya mikokoni ni tambarare, ila mbao zikiwa na umande mshikeni mkono.

Na siku ya tatu hiyo isiwe Ijumaa. Saa 6 mpaka saa 8 maduka yanafungwa kwa sala, daladala zinapungua, nanyi mtakwama barabarani na mtoto mwenye njaa.

LimbaniWete

Nimetazama kalenda, mwezi 16 unaangukia Jumanne. Basi tunavuka Jumatatu. Allah akubarikini.

Vuga_Juu

Mkate tiketi ya kurudi pamoja na ya kwenda. Na mifuko ya plastiki iacheni Wete, chukueni kikapu.