Sinyora anataka meza ya Mtakatifu Yosefu, na mimi nimefunga

Bint Shela, Malindi

Assalamu alaykum. Napika kwa mama mmoja mzee wa Kisicilia, kile kisiwa cha Italia, hapa Malindi, asili yake mji wa Palermo. Kwa kawaida hana makuu: samaki wa kuchoma, saladi, tambi kidogo usiku. Mwaka huu ameshikilia kwamba tarehe 19 Machi lazima aweke meza ya Mtakatifu Yosefu kama alivyokuwa akiweka mamake. Nyama hakuna, juu ya tambi jibini hakuna, mikate iwe mingi ya maumbo, na watu watatu wasio na uwezo waketi wale kwanza.

Sasa tarehe hiyo mwaka huu iko ndani ya Ramadhani. Nitapikaje bila kuonja? Yale majani ya porini ya kwao anayonitajia nitayatoa wapi? Na kuna cha haramu humo nikiangalie? Nijibuni wenye kujua jikoni, tafadhali.

Kijana wa Langoni

Dada, mwezi wa toba huu na wewe unamwandalia mtakatifu wa watu? Mwambie angoje Idi ipite.

Mpishi wa Casuarina

Wa alaykum salaam, mwanangu. Huyo wa Langoni mwache. Sikukuu ya watu haingoji Idi yetu, na wewe umeajiriwa kupika, hukuajiriwa kusali.

Mimi nimekuwa kwenye majiko ya Wataliano tangu nywele zikiwa nyeusi, na Wasicilia ndio wagumu kuliko wote. Wa Milano ukimpa tambi nzuri anashukuru. Wa Palermo atakuuliza nani alikufunza.

Kuonja: masheikh wameruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, asimeze kitu. Mimi hata hivyo sionji, chumvi naipima kwa kijiko.

Haramu: nyama haipo kwa sababu sikukuu yao huangukia Kwaresima, hapo umepona. Tazama mafuta. Vile vitamu vya kukaanga vya siku hiyo, sfince, tangu zamani walivikaanga kwa mafuta ya nguruwe, na maganda ya cannoli, vile vitamu vya umbo la bomba, hutiwa divai. Mwambie mapema kabla hajaagiza vitu: mafuta ni ya alizeti, divai haiingii jikoni kwako.

Tambi atakazotaka ni za dagaa. Hayo majani anayokutajia ni ya shamari mwitu, na hapa usijichoshe kuyatafuta. Nunua mbegu za shamari kwa muuza viungo, zifunge kwenye kitambaa, zichemshe katika maji yale yale utakayopikia tambi. Dagaa wawe wabichi, wakubwa, uwatoe vichwa na miba. Kaanga kitunguu polepole, tia zabibu kavu na zafarani kidogo, dagaa waingie mwisho. Kwao hutiwa mbegu za msonobari. Wewe katakata korosho za huku kwetu Kilifi. Kwa maoni yangu ni tamu zaidi, ila sinyora asisikie.

Juu ya tambi ni chenga za mkate, ukizikaanga kwa mafuta ya zeituni mpaka ziwe kahawia. Yosefu alikuwa seremala, na chenga hizo ndizo unga wa mbao wake. Wapishi wengi hapa mjini huharibu hapo kwa kuongeza jibini ili mzungu afurahi. Usitie.

Sfince zinafanana na kaimati lakini hazina hamira. Chemsha maji na siagi, mwaga unga wa ngano wote kwa mpigo, songa kama ugali mpaka donge liachane na sufuria. Likipoa ndio utie mayai, moja moja. Ukishakaanga, paka juu rikota, ile jibini laini ya maziwa, yenye sukari na ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari. Rikota ikikosekana, chemsha maziwa, kamulia ndimu, yakikatika uyachuje kwa kitambaa.

Hao watu watatu ni badala ya Yosefu, Maria na Yesu mdogo. Sehemu nyingine hubisha hodi milango miwili wakafukuzwa, wa tatu ndio wakafunguliwa wakala. Mwambie sinyora kwamba wahitaji wengi wa hapa mtaani wamefunga, meza yake aisogeze Maghrib.

Bi Faza

Na mapishi ya huko yana mkono wa Waarabu. Walishuka Sicilia mwaka 827, kwenye mji wa Mazara, na mji wa mwisho mikononi mwao, Noto, ukatoka mwaka 1091. Malimau na miwa waliipanda wao. Mji wa Trapani wa huko mpaka leo wanapika kuskusu ya samaki kwa mvuke, na pale vyombo viwili vinapokutana wanaziba kwa unga uliokandwa. Nyanya yangu akiziba sufuria ya biriani vivyo hivyo.

Kijana wa Langoni

Haya, tumesikia. Na ile mikate ya umbo la msalaba, pia ataikanda yeye?

Bint Shela, Malindi

Misalaba atakanda sinyora mwenyewe, mikono anayo. Mimi nitamfanyia ya fimbo na ile ya ndevu za mzee, na ufuta juu nitampakia. Maghrib amekubali, tena amefurahi kusikia kutakuwa na tende.

Ami, bado moja. Anataka supu nzito ya maharagwe ya fava. Dukani sijayaona.

Mpishi wa Casuarina

Hiyo ni maccu. Ukiyapata makavu, loweka usiku kucha, menya maganda, pika mpaka yavurugike yenyewe, kisha mafuta ya zeituni juu. Ukiyakosa changanya dengu na njegere kavu. Palermo siku hiyo huchanganya kunde za kila aina zilizobaki ghalani, hatakulaumu. Na mkate wa chenga ununue mapema ukauke, mkate mbichi hausagiki.