Sherehe ya ukoo na zawadi zake: tuitoe Krismasi, tuipeleke baada ya mavuno?

Dada wa Mbalizi (mleta mada)

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, mlioko huku na mlioko Dar, Dodoma na kwingineko, nawasalimu. Naleta hoja, na naomba anayeipinga aipinge kwa hoja.

Mimi ni mtoto wa kwanza, na ndiye niliyebaki karibu na wazazi huku Mbeya Vijijini. Kila Desemba wadogo zangu wanapanda huku na watoto wao. Nawapenda, na siku wanayoshuka stendi ni siku ya furaha kwangu. Ila Januari wakishaondoka mimi ndiye ninayebaki na hesabu.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mahindi yanapandwa Novemba mwishoni na Desemba. Krismasi inafika mbolea ya kupandia imeshamaliza pesa na ya kukuzia inasubiri. Ekari moja inakula mfuko wa kilo 50 wa kupandia, na mwingine au zaidi wa kukuzia. Ghalani kuna akiba ya kutuvusha hadi mavuno, na ndipo zinapofika nyumba nne kukaa wiki nzima. Mashineni tunakwenda kila siku. Mama hawezi kusema neno, maana mgeni hahesabiwi matonge. Lakini mwezi wa tatu utamkuta sokoni ananunua mahindi kwa debe, kwa bei isiyofanana kabisa na ile aliyouzia ya kwake mwezi wa saba.

Na wanaokuja nao hawapumui. Wamelipa nauli wakati kila mtu anasafiri, wamenunua nguo mpya za watoto, kitenge cha mama, shati la baba, kreti za soda, mbuzi. Wiki mbili baadaye shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, ilishaondolewa, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Mdogo wangu mmoja kila Januari anakopa, na anamkopa yuleyule aliyempelekea zawadi Desemba: baba.

Hoja yangu ni hii. Mkusanyiko mkubwa wa ukoo, pamoja na zawadi na matembezi yake, tuuhamishie likizo ya Juni au siku za Nanenane, chakula kikiwa ndani. Krismasi tusali, tupigiane simu, na aliye karibu aje. Ile pesa ya kitenge na soda itumwe Novemba kama mbolea. Mnasemaje?

Mkulima Vwawa

Naunga mkono kwa asilimia zote. Nyongeza moja ya muhimu kwa mnaotuma: tangu msimu wa 2022/23 mbolea ina ruzuku, na ruzuku inafuata namba ya mkulima aliyesajiliwa. Ukinunua mfuko mjini ukaupakia kwenye basi, umelipa bei kamili, na usafirishaji juu yake. Mtumie mzazi pesa, anunue mwenyewe kwa namba yake. Na itume mapema, kabla mawakala hawajajaa foleni. Mbolea ya kupandia ikifika Krismasi haimsaidii mtu aliyepanda tarehe mosi.

Huku Songwe tunaishi kwa mahindi. Mwezi wa saba na wa nane ndipo mtu ana sauti ndani ya nyumba yake. Mwanangu akija wakati huo namchinjia kuku na moyo wangu umetulia. Akija Desemba namchinjia kuku yuleyule, lakini nawaza shamba.

Mzee wa Rungwe

Mwanangu uliyeleta mada, nimekusoma mara mbili. Hesabu zako ni za kweli, sizikatai. Lakini kuna jambo halimo ndani yake.

Sisi Wamoravian wa Rungwe tumekuwa na kanisa hapa tangu 1891. Krismasi kwangu ni kukaa benchi moja na wanangu na wajukuu zangu, waimbe nyimbo nilizowafundisha wakiwa wadogo. Hiyo huwezi kuihamishia mwezi wa nane. Wajukuu waliozaliwa mjini wanajua nyumbani kwa sababu ya Desemba. Ukiwaambia wasije Krismasi, Juni nao watasema wana kazi, na mwisho wake tutaonana kwenye misiba. Na msiba hauna bei ya msimu, mtalipa nauli yoyote mtakayotajiwa.

Mimi zawadi sizitaki. Nimekuwa nikisema hivyo miaka yote na hakuna anayesikia. Waje mikono mitupu, tule ndizi na maharage, twende kanisani. Kinachowafilisi ni hiyo tabia ya kuona aibu kuja bila mfuko, msiilaumu sikukuu.

Dada wa Mbalizi

Shikamoo baba. Ndaga sana kwa maneno yako, hilo la kuonana kwenye misiba limenigusa, kwa sababu kwetu lilishatokea.

Ninaloliogopa ni kwamba mikono mitupu inasemwa na mzazi, lakini jirani hasemi hivyo, na mtoto wa mjini anamsikiliza jirani. Ndiyo maana nataka tarehe ibadilike. Ukoo mzima ukikubaliana kwamba zawadi ni za Agosti, anayekuja Desemba bila mfuko hana cha kueleza kwa mtu. Bila makubaliano ya wote, kila mmoja ataendelea kushindana kimyakimya.

Mwalimu Makete

Napinga, na napinga kama mtu anayeijua baridi. Wakuu, mnajua Juni na Julai huku kwetu ilivyo? Alfajiri nyasi ni nyeupe kwa barafu. Mnataka kumleta mtoto wa Dar wa miaka miwili alale kwenye nyumba isiyo na dari? Gharama ya blanketi, masweta na dawa za kikohozi mmeiweka wapi?

Pili, matembezi. Kitulo, ile hifadhi yenye maua iliyotangazwa 2005, inachanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Ukimleta mtoto Julai umemwonyesha nyasi kavu. Ulanzi nao, kwa ndugu zetu wa Iringa na Njombe, unatoka wakati wa mvua. Nchi yetu ni nzuri zaidi Desemba, tusidanganyane.

Tatu, likizo. Mimi mwalimu ninayo Juni. Shemeji yangu yuko kiwandani. Sheria inampa siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye anayeamua azichukue lini. Desemba kiwanda kinapunguza kazi, ndipo anapopata. Na dereva wa bodaboda hana likizo kabisa, yeye anasafiri pale wateja wake nao wanaposafiri.

Mama Mafinga

Mwalimu, hapo kwenye likizo umesema kweli na mleta mada ajibu. Baridi nayo ni kweli, ila blanketi linanunuliwa mara moja, linakaa miaka. Unga unanunuliwa kila mara.

Mimi naishi hapa barabarani, naona mabasi. Kuanzia katikati ya Desemba watu wanapanda kwa kugombania. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inaweka nauli kikomo, hilo lipo, lakini mtu akiambiwa basi limejaa na pembeni yuko kijana mwenye tiketi kwa bei ya juu, atafanya nini na watoto watatu? Analipa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, si safari ya kusema nitaanza kesho. Juni unachagua kiti.

Na barabara. Waliooa vijijini ndani huko wanajua. Desemba gari la mjini linaishia lami, kilomita zilizobaki ni bodaboda kwenye tope, mizigo kichwani, na kila bodaboda inadai yake. Kiangazi gari linafika mlangoni.

Fundi Cherehani Mwanjelwa

Naomba na mimi nisikilizwe. Mnachoita kuokoa pesa, kwangu ni kukosa chakula. Novemba na Desemba ndiyo miezi inayonilipia pango la mwaka. Nashona magauni ya sikukuu mpaka usiku, na nyuma yangu kuna muuza vitambaa, muuza vifungo, binti anayenisaidia kukunja pindo. Mkiamua wote mwaka mmoja kwamba Krismasi hakuna nguo, mtatukuta tumefunga vibanda.

Dada wa Mbalizi

Fundi kaka yangu, hili sikulichukulia kijuujuu, nimelala nalo. Lakini niambie kwa haki: wadogo zangu wanapokuja, nguo za watoto wamezinunua Kariakoo. Shati la baba nalo Kariakoo. Huku wananunua soda na mbuzi tu. Sherehe ikiwa Agosti, mzee ameuza mahindi na pesa iko mikononi mwa watu wa huku, nani atakwenda kwa fundi? Sisi wenyeji. Mimi gauni langu la mwisho nilishona mwezi wa nane.

Na kuna sare za shule. Napendekeza zawadi ya mjukuu iwe sare iliyoshonwa na fundi wa karibu na bibi. Vipimo vinatumwa kwa simu, fundi anashona Oktoba bila presha, inafika kabla shule hazijafunguliwa. Kwako kazi inabaki, ila haiji yote kwa wakati mmoja. Sisemi haitakuumiza mwaka wa kwanza.

Fundi Cherehani Mwanjelwa

Vipimo vya simu vina matatizo yake, mtoto anakua. Acheni pindo kubwa. Lakini hilo la sare nalichukua. Msimamo wangu kuhusu Desemba bado haujabadilika.

Binti wa Ilula

Kamweneni. Nyumbani kwetu ni Waislamu, na nashangaa mnavyoona kuhamisha tarehe ni jambo zito. Idd inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Kuna miaka imeangukia mavuno, kuna miaka imeangukia njaa. Wazazi wetu walitufundisha kwamba swala na sadaka haviahirishwi, lakini kusafiri na kukusanyika ni kwa uwezo. Ikiangukia miezi migumu kila mtu anaswali alipo, tunakutana baadaye mahindi yakishakauka. Hakuna aliyewahi kusema ukoo umevunjika.

Kuhusu zawadi, sisi tulikuwa nyumba saba zinazonunuliana, yaani kila nyumba inanunulia sita. Mama mdogo akakataa. Sasa majina ya watu wazima yanaandikwa kwenye karatasi, kila mtu anachukua moja, ananunua zawadi moja, na kiwango cha juu kinatajwa mbele ya wote. Watoto wanapata kitu kimoja kimoja kutoka mfuko wa pamoja. Mwenye nacho hawezi kumzidi asiye nacho, na hilo ndilo lililoleta amani zaidi ya pesa yenyewe.

Mwalimu Makete

Binti wa Ilula umenipunguza nguvu kidogo. Lakini maua ya Kitulo hayajajibiwa.

Kijana Iringa Mjini

Mwalimu, Kitulo nakuachia, Desemba haina mpinzani. Lakini matembezi mengine yote kiangazi ndiyo wakati wake. Njia ya kupanda hadi Ziwa Ngozi kwenye milima ya Poroto inateleza vibaya wakati wa mvua, watoto wanarudi wamechubuka. Daraja la Mungu kule mto Kiwira, unasimama kwa usalama zaidi mto ukiwa umepungua. Kimondo cha Mbozi kipo pale mwaka mzima. Ruaha nayo wanyama wanakusanyika mtoni kiangazi, ukienda masika wametawanyika kwenye majani marefu. Matema tu ndiyo niwaonye: miezi ya katikati ya mwaka upepo wa kusi unaweza kuchafua Ziwa Nyasa, watoto wasiingie maji bila mtu mzima kuyaangalia.

Na kwa mwenye pesa kidogo kabisa, Iringa inatosha siku mbili. Asubuhi mnapanda jiwe la Gangilonga kwa miguu, mnaona mji wote. Kesho yake Kalenga, palipokuwa ngome ya Mkwawa. Fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko kwenye makumbusho pale. Isimila nako hakuko mbali, nguzo za udongo na zana za mawe za kale. Hapa kuna viingilio vidogo, ulizeni kabla ya kufika. Chakula pikeni nyumbani, mbebe kwenye hotpoti. Familia nyingi pesa inaishia kwenye chipsi na soda za njiani, kiingilio ni sehemu ndogo tu.

Mzee wa Rungwe

Nimewafuatilia wote. Binti wa Ilula amenifikirisha kuliko wengine. Nitakubali Agosti kwa sharti moja. Kila Krismasi nyumba moja tu ije kwa zamu, ikae nami kanisani. Nyumba moja haimalizi ghala, na mimi sitakaa benchi peke yangu.

Mama Mafinga

Mzee wetu, na hiyo nyumba ya zamu ije na unga wake.

Dada wa Mbalizi

Baba, sharti lako nalichukua kama lilivyo, na neno la Mama Mafinga nalo, na nitayapeleka yote mawili kwenye kikao chetu. Kwa shemeji wa kiwandani, Mwalimu, sina jibu zuri. Asiyepata ruhusa kiangazi atangulie kwenye zamu za Desemba, na fungu lake la zawadi lisidaiwe mara mbili. Wa bodaboda vilevile.

Kwetu naanza na mbolea kwanza, kwa sababu hiyo haihitaji mtu kuomba likizo. Nimeshawaandikia wadogo zangu: kila nyumba inaweka kidogo kila mwezi kuanzia mavuno, na pesa inamfikia baba kabla ya tarehe 10 Novemba. Wawili wamekubali. Wa tatu anasema mama atajisikia vibaya kukosa kitenge, kwa hiyo Jumapili nakwenda kumuuliza mama mwenyewe. Jibu lake nitalileta hapa.